Mtambo wa makaa ya mawe Kalemie: hesabu inayorukwa

Kalemie, moto ukikatika siku tatu mfululizo, mazungumzo hufika mahali pamoja. Mmoja atailaumu SNEL, mwingine atazilaumu mashini za Bendera zilizozeeka, kisha atatokea wa tatu na swali ambalo linaonekana kumaliza ubishi: jimbo la Tanganyika lina makaa ya mawe chini ya ardhi, kwa nini lisijengewe mtambo wa kuyachoma na kutoa umeme? Afrika Kusini wanafanya hivyo. Zimbabwe wanafanya. Hata Zambia, jirani wa karibu, wanafanya. Wanasiasa nao wanalijua swali hilo, na wakati wa kampeni wanalipenda, maana ni rahisi kumwahidi mtu kitu ambacho anakikanyaga kila siku.

Swali ni halali na anayeliuliza si mjinga. Kasoro yake ni kuanzia kwenye makaa. Mtambo wa namna hii unasimama au unaanguka kwa mambo mengine: nani atanunua umeme wote, nani atalipa mkopo, barabara gani itapitisha mzigo, fundi gani atabaki usiku boila likipasuka bomba. Na jambo moja zaidi, ambalo wakimbizi wa ndani wanalijua kuliko mtu yeyote: nani ataambiwa ahame.

Tuhuma kwamba makaa hayapo hazina msingi. Yapo. Hapa inafaa kutenganisha maneno, maana hata redioni yanaleta fujo: makala ya kupikia, yale ya kiloba, yanatoka kwenye mti uliochomwa juzi, makaa ya mawe yanachimbwa, ni mimea iliyozikwa chini ya ardhi miaka mamilioni. Yale ya bonde la Lukuga yalichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, huko Greinerville, si mbali na mji ambao wakati ule uliitwa Albertville. Jina la Makala lililobaki katika sehemu ile linatosha kuwa ushahidi. Kule Luena, eneo la Bukama katika Haut-Lomami, yalichimbwa kwa ajili ya Union Minière na baadaye Gécamines. Lakini yote mawili, ya Lukuga na ya Luena, yanajulikana kwa tabia moja isiyotajwa kwenye mikutano ya hadhara: yana majivu mengi. Mtu aliyenunua kiloba cha makala kilichochanganywa na udongo anaelewa maana yake. Unalipia mzigo wote, unapika na sehemu yake tu, na kinachobaki unakitupa mwenyewe.

Mtambo wenyewe si mgumu kuuelewa. Makaa yanasagwa, yanapulizwa ndani ya tanuru, moto unachemsha maji katika mabomba marefu, mvuke mkali unazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta. Kisha mvuke unapozwa ili urudi kuwa maji na kuanza safari upya, ndiyo sababu mitambo hii hupenda kukaa karibu na ziwa au mto. Katika joto lote linalotoka kwenye makaa, karibu theluthi moja tu ndiyo inayogeuka kuwa umeme. Linalobaki linaenda angani na majini. Na mtambo wenyewe unakula sehemu ya umeme wake, kati ya asilimia 8 na 10, kuendesha pampu, mashini za kusaga na feni.

Sasa hesabu. Kwa makaa mazuri, kilowati-saa moja inahitaji kama nusu kilo. Chukua mtambo mdogo kwa viwango vya mitambo hii, wa megawati 100. Kila saa unameza tani 50. Kwa siku moja tani 1,200. Kwa malori ya tani 30, hayo ni malori 40, leo, kesho, Jumapili, siku ya uhuru na usiku wa mvua ya Machi. Kama makaa ni yale ya majivu mengi, idadi inapanda kuelekea malori 55. Halafu kuna safari ya kurudi: majivu yakiwa robo ya mzigo, ni tani 300 hadi 400 kila siku za kupeleka mahali fulani, zifunikwe, zisipeperuke kwenye nyumba za watu wala kuteremka ziwani mvua ikinyesha. Anayejua barabara za Tanganyika, na anayejua mara ngapi mabehewa ya SNCC yanatoka kwenye reli kati ya Kalemie na Kabalo, apime mwenyewe. Ndiyo maana mtambo wa busara unajengwa mdomoni mwa mgodi, na makaa yanafika kwa mkanda bila kupanda lori.

Hivyo ndivyo walivyofanya Zambia, na mfano wao unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko wa Afrika Kusini, kwa sababu ukubwa wake unakaribia ndoto za hapa.

Mtambo wa Maamba uko katika wilaya ya Sinazongwe, kusini mwa Zambia. Una mashini mbili za megawati 150 kila moja, jumla 300, na ulianza kutoa umeme mwaka 2016. Ulijengwa juu ya mgodi wa zamani wa makaa, na maji yake yanavutwa kutoka ziwa Kariba. Asilimia 65 ni ya kampuni ya Kihindi, Nava, na asilimia 35 ni ya ZCCM-IH, kampuni ambayo ndani yake Serikali ya Zambia ndiyo yenye sauti kubwa. Gharama yake ilizidi dola milioni 800. Tanuru zake zilichaguliwa ziweze kuchoma makaa hafifu, yale ambayo zamani yalirundikwa kando ya mgodi kama taka. Hapo mwenye hoja ya Lukuga anaweza kutabasamu: makaa yenye majivu si kizuizi, dawa yake ipo.

Na kuna jambo la kumfurahisha zaidi. Zambia kabla ya ukame ilipata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwenye maji. Mvua ilipokosa msimu wa 2023 na 2024, ziwa Kariba likashuka, na tarehe 29 Februari 2024 rais Hakainde Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa. Baadaye mwaka huo kulikuwa na mitaa iliyokatiwa umeme hadi saa 21 kwa siku. Vinyozi, wachomeleaji na wauza samaki wa barafu walikaa mikono mitupu. Wakati mabwawa makubwa yalikuwa yamekauka koo, Maamba iliendelea kuchoma makaa, na nchi ikaitegemea kama mgonjwa anavyotegemea ukuta. Mwaka huo huo wakaanza kujenga sehemu ya pili, megawati 300 nyingine. Ukame ule ulifika pia Kongo kwa njia ya waya: migodi ya Katanga inanunua sehemu ya umeme wake kupitia Zambia, na jirani akikauka, Kolwezi na Likasi wanasikia.

Kwa hiyo anayesema makaa ya mawe hayana faida yoyote anasema haraka mno. Umeme usiosubiri mvua una thamani yake.

Lakini mtambo ule ule nusura uzame, na haukuzamishwa na makaa. Ulizamishwa na bili. Maamba inauza umeme wake kwa ZESCO, shirika la umeme la Serikali ya Zambia, ambalo ni kama SNEL ya huko. Kwa miaka, ZESCO ilinunua umeme kwa bei moja na kuwauzia watu na migodi kwa bei isiyofidia gharama. Pengo likawa deni, na deni likafika mamia ya mamilioni ya dola. Mwenye mtambo alikuwa na mabenki mlangoni yakidai mkopo wa ujenzi, huku mteja wake mmoja halipi. Ilihitaji madai, mazungumzo marefu na mpango wa kulipa kidogo kidogo mpaka mambo yakatulia. Na hiyo ni Zambia, nchi ambayo gridi yake imeungana na majirani kadhaa, yenye migodi ya shaba inayolipa kwa dola, na yenye mita kwenye nyumba nyingi za mijini.

Umlete Maamba Kalemie sasa, hata kwa theluthi ya ukubwa wake.

Mtambo wa megawati 100, kwa gharama kama za Zambia, hautakuwa chini ya dola milioni 250. Tuseme mkopo ni wa kiasi hicho, riba asilimia 10, miaka 15. Malipo ya kila mwaka yanakaribia dola milioni 33. Mkopo haujali kama mashini inazunguka au imelala. Mtambo ukifanya kazi asilimia 80 ya mwaka na umeme wote ukanunuliwa, ni kilowati-saa milioni 700, na deni linabeba karibu senti 5 za dola kwa kila moja. Hapo hakuna ubaya. Lakini kama mji unanunua wastani wa megawati 20 tu, kilowati-saa zinashuka hadi milioni 175, na deni lile lile sasa linabeba karibu senti 19 kwa kila moja, kabla hujalipa kilo moja ya makaa, mshahara wa mtu mmoja au nati moja ya kubadilisha. Hii ndiyo hesabu inayorukwa. Makaa yanaweza kuwa ya bure kabisa, yaokotwe kama mawe ya mtoni, na umeme bado ukawa ghali kuliko mshumaa.

Je, Kalemie inaweza kula megawati 100? Nyumba yenye taa tatu, redio na simu mbili za kuchaji haifikii wati 100. Kwa megawati 100 ungewasha nyumba za namna hiyo milioni moja kwa wakati mmoja. Hazipo. Viwanda ndivyo walaji wakubwa, na Filtisaf, kiwanda cha nguo kilichowaajiri wazazi wa wengi, kilifunga milango zamani. Bendera yenyewe, kwenye mto Kyimbi, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, uwezo wake wa kuzaliwa ni kama megawati 17, na shida ya wakaaji wengi haianzii pale inapotoka nguvu. Inaanzia kwenye kabini ya mtaa iliyoungua na kuachwa, kwenye nguzo zilizoliwa na mchwa, kwenye waya mmoja unaogawanywa na nyumba kumi na mbili. Mwagia umeme mwingi katika waya hizo na utakachopata ni kabini nyingine zilizoungua.

Kuna pia tabia ya mashini yenyewe. Mtambo wa maji unaweza kufungua na kufunga kama bomba: jioni watu wanapika, unafungua, usiku wa manane wamelala, unafunga. Boila la makaa ni zito. Likipoa, kuliwasha tena kunachukua saa nyingi, na moto wa kwanza hauwashwi kwa makaa bali kwa mafuta, yaani mazutu ya kununuliwa kwa dola. Halipendi kushushwa chini sana pia. Likishuka karibu na asilimia 40 ya nguvu yake linaanza kuyumba na kuomba mafuta tena. Na linahitaji umeme kutoka nje ili lianze kuzunguka. Mji ambao matumizi yake yanapanda saa moja jioni na kushuka saa nne usiku haufanani na mashini hiyo. Zaidi ya hapo, kila mashini lazima isimamishwe kwa matengenezo, wiki kadhaa kwa wakati. Gridi kubwa haihisi. Gridi ya mji mmoja, mashini moja ikizimwa, inarudi gizani ile ile.

Anayetetea mradi atajibu kwamba mnunuzi yupo: migodi. Manono ina litiamu ambayo dunia inaigombania, na mgodi mkubwa unataka umeme mchana na usiku. Jibu hilo lina nguvu, na pengine ndilo pekee linaloweza kuwashawishi watu wa benki. Lakini lisikilizwe vizuri. Linasema mtambo utajengwa kwa ajili ya mgodi. Kongo ina uzoefu wa umeme wa namna hiyo tangu 1982, mwaka ulipomalizika waya wa kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi. Waya huo unapita juu ya vijiji vya Kasai ambavyo havina hata taa moja. Watoto wamezaliwa, wamekua na kuzaa wao wenyewe chini ya nguzo zile. Katika nchi ambamo ni kama mtu mmoja tu kati ya watano mwenye umeme nyumbani, maneno "megawati nyingi" na "umeme kwa wakaaji" hayajawahi kuwa kitu kimoja. Na Manono yenyewe ilikuwa na bwawa lake, Mpiana-Mwanga kwenye mto Luvua, lililojengwa wakati wa Géomines, ambalo vita na kutotunzwa viliharibu. Mtu anayetafuta umeme wa mgodi ana mahali pa kuanzia kabla ya kuchimba makaa.

Afrika Kusini hutajwa kama mwalimu wa makaa ya mawe, na kweli hakuna nchi ya Afrika inayoyajua zaidi. Basi wasomi wa hapa wasome somo lote. Mtambo wa Medupi, karibu megawati 4,800, ulianza kujengwa mwaka 2007. Eskom ilitangaza kwamba mashini ya mwisho imekamilika tarehe 31 Julai 2021. Siku nane baadaye, mashini ya nne ililipuka, kwa sababu hatua za kuondoa gesi ya hidrojeni kwenye jenereta hazikufuatwa ipasavyo. Kosa la usiku mmoja, miaka ya matengenezo. Mwaka 2023 Waafrika Kusini waliishi na mkato wa umeme karibu kila siku ingawa walikuwa na mitambo mingi, kwa sababu mitambo ile kwa wastani ilipatikana chini ya asilimia 60 ya uwezo wake. Serikali ikalazimika kuibebea Eskom deni la randi bilioni 254. Mpaka makaa yenyewe yaliibiwa njiani na kubadilishwa na mawe, na boila zikaharibika. Kama hayo yanatokea penye vyuo vya ufundi, reli na polisi wa kutosha, haihitaji uchungu kusema kwamba hapa yatatokea mapema zaidi.

Na pesa za kujenga zinatoka wapi leo? Miaka 15 iliyopita jibu lilikuwa Beijing. Septemba 2021 rais Xi Jinping alitangaza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ya mawe nje ya nchi yake. Benki ya Dunia ilikwisha kujiondoa mapema. Anayebaki ni mkopeshaji wa bei ghali, na riba ya asilimia 10 iliyotumika hapo juu inaweza kuwa ya huruma. Watu wanaweza kukasirika, na wana haki: nchi zilizotajirika kwa makaa sasa zinamwambia maskini asiyachome, wakati mkaaji wa Kalemie hajachafua anga ya mtu. Hasira hiyo ni ya kweli, lakini haipunguzi riba.

Kuna kundi moja ambalo ahadi ya makaa ya mawe inalihusu kwa njia ya pekee: familia zilizokimbia Nyunzu, Moba, Fizi au Uvira na sasa zinaishi kambini au kwa ndugu pembezoni mwa mji. Huko husikika tumaini kwamba makaa ya mawe yakianza kuchimbwa, kuni hazitakuwa shida tena. Mama anayetoka kambini saa kumi na moja alfajiri kutafuta kuni, akitembea katika vichaka ambamo wenzake wamewahi kushambuliwa na kubakwa, ana kila sababu ya kushika tumaini lolote. Ni vibaya kumdanganya. Umeme wa mtambo haufiki chini ya sufuria ya bukari mpaka kuwe na waya hadi kwenye nyumba, mita, jiko la umeme na pesa ya mwisho wa mwezi. Hema la kambi halina hata kimoja. Na kuyachoma makaa ya mawe yenyewe ndani ya nyumba, kama wengine wanavyopendekeza, ni kuwapumulisha watoto moshi wenye salfa kuliko ule wa kuni. Jiko lililoboreshwa linalopunguza kuni kwa nusu lingemsaidia mama huyo mwezi huu. Taa ndogo ya jua pia, na bei yake ni ya kiloba kadhaa cha makala.

Halafu ardhi. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, ingawa kijijini kila mtu anajua shamba lipi ni la nani kwa kinywa cha chifu na kwa mti wa mwembe uliopandwa na babu. Mgodi wa makaa unaolisha mtambo, hasa ule wa kuchimba kwa wazi, unakula ardhi mwaka hata mwaka. Kanuni za madini za 2018 zina sehemu nzima juu ya kuhamisha watu, kuwalipa fidia na kuwapa makao mapya. Nzuri, lakini orodha ya kulipwa huandikwa kwa kuhesabu waliopo. Mpimaji akipita na karatasi zake wakati nusu ya kijiji iko kambini, shamba la aliyekimbia linaonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Siku atakaporudi atakuta uzio, na atakuwa mkimbizi mara ya pili, safari hii bila risasi kulia. Ikiwa kuna sharti moja ambalo wabunge wa jimbo wanapaswa kuling'ang'ania kabla ya mengine yote, ni hili: hakuna kupima ardhi mpaka sensa ifike kambini na kuuliza kila familia ilitoka wapi na iliacha nini.

Wanawake wa ndagala nao wana la kujifunza, kutoka mbali kidogo. Bargny, kando ya bahari karibu na Dakar huko Senegal, ulijengwa mtambo wa makaa wa megawati 125, karibu ukubwa ule ule unaoota Kalemie, na Benki ya Afrika ya Maendeleo ilikuwa kati ya waliokopesha. Ulisimamishwa karibu na uwanja ambapo mamia ya wanawake hukausha samaki. Wanawake hao hawakungoja. Walipeleka malalamiko mwaka 2016 hadi kwenye ofisi za wakopeshaji wenyewe, wakieleza juu ya majivu, ardhi na kazi yao. Mtambo uliwashwa mwishoni mwa 2018 na haukukawia kuingia katika matatizo ya ufundi na ya fedha. Yule anayetandaza ndagala mchangani hapa Kalemie anajua vumbi jeusi lingefanya nini kwa bei yake sokoni.

Hayo yote hayamaanishi makaa ya Lukuga yafunikwe na kusahaulika. Kiwanda cha saruji kinahitaji moto mkali, na makaa ya mawe ni chakula chake cha kawaida duniani kote. Hapo kiasi ni kidogo, mnunuzi ni mmoja na anajulikana, na saruji inauzika. Kwa umeme wa watu, utaratibu wenye akili unaanzia kwenye kabini za mitaa na waya, unaendelea na mashini za Bendera, kisha maporomoko ambayo wahandisi wameyapima tangu ukoloni, na paneli za jua kwa vijiji na kambi zisizoweza kungoja. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilikwisha kufungua mlango kwa watu binafsi na kwa majimbo kujenga mitambo yao. Kinachokosekana si ruhusa.

Na ikiwa, baada ya yote, mtu atakuja na koti na michoro na kusema mtambo wa makaa utajengwa, agizo la Waziri Mkuu la Mei 2011 lipo: kila mkataba wa maliasili utangazwe katika siku 60. Shirika la raia la Kalemie liudai mkataba huo kwa jina, na waandishi wausome hewani, kwa Kiswahili, kipengele baada ya kipengele: tani ngapi kwa siku, majivu yatakwenda wapi, nani amesaini kununua, kwa bei gani, na asiponunua nani atalipa. Kipengele hicho cha mwisho huwa karibu na mwisho wa mkataba, kwa herufi ndogo, na mara nyingi jina lililoandikwa pale ni la Serikali.